Jina linapoitwa kwenye foleni: kutafiti vizuizi vya chanjo bila kuuliza "mbona ulikataa?"

Swali la msomaji: "Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya afya ya umma hapa Kisumu. Nataka kutafiti kwa nini watu wenye ulemavu na watu wa jinsia zinazobaguliwa, yaani transjenda na huntha, hawachanjwi. Nimepanga kugawa hojaji kwa watu 384 katika vituo vya afya: niwaulize kama ni walemavu, jinsia yao, kama wamechanjwa, na kama hapana, kwa nini wamekataa. Msimamizi wangu anasema sampuli hiyo sitaipata. Rafiki yangu anasema nitawatia watu hatarini. Nimekwama. Nianzie wapi?"

Pole kwa kukwama, ila umekwama mahali pazuri, kabla ya kuchapisha hojaji. Msimamizi wako amesema kweli kuhusu sampuli na rafiki yako amesema kweli kuhusu hatari, na nitafika kwa yote mawili. Lakini kuna tatizo lililo zito zaidi ambalo hawakuligusa, nalo limejificha katika neno moja la swali lako: "wamekataa".

Neno hilo limeshatoa jibu kabla ya utafiti kuanza. Mtu ambaye hajachanjwa huenda alikataa kweli. Huenda pia hakupata habari, au alizipata akakosa nauli, au alifika kituoni akarudishwa, au alipata dozi ya kwanza na yaliyompata siku hiyo yakamfanya asirudi kwa ya pili. Kwenye hojaji yako wote hao watawekewa alama kwenye kisanduku kimoja. Tena wengi watakupa jibu lisilomuaibisha mtu yeyote: "Sikuwa na nafasi." Utaandika kwamba jamii haina mwamko, utapendekeza uhamasishaji, na mlango wa kliniki utabaki ulivyokuwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mwongozo wa kupima yanayomfanya mtu achanjwe au asichanjwe, na likayagawa mafungu manne: fikra na hisia za mtu, nguvu ya jamii inayomzunguka, nia yake, na mambo ya vitendo kama umbali, gharama, foleni na jinsi anavyohudumiwa. Swali lako linachungulia fungu la kwanza na la tatu tu. Kwa makundi uliyoyachagua, fungu la nne ndilo lenye mengi, na ndilo watu wasilolitaja wakiulizwa "kwa nini", kwa sababu kwao hayo si sababu, ni maisha ya kila siku.

Tazama jambo dogo kama kuitwa jina. Katika zahanati nyingi nesi hutokea mlangoni na kuita jina kwa sauti, pengine mara mbili, kisha anaenda kwa anayefuata. Kiziwi aliyekaa benchi ya tatu hakusikia. Anaona watu waliokuja baada yake wakiingia, anasubiri hadi saa saba, anaondoka. Benchi hiyo hiyo amekaa mwanamke transjenda ambaye kitambulisho chake kina jina la kiume. Yeye amesikia vizuri sana. Lakini akisimama kuitikia jina hilo, foleni nzima itageuka kumtazama, kwa hiyo anajifanya si yeye, naye anaondoka. Kizuizi ni kimoja, sauti ile ile, kimewatoa watu wawili kwa njia zinazopingana, na rejista haina alama ya yeyote kati yao. Swali la "kwa nini ulikataa" haliwezi kukamata jambo kama hili. Swali la "uliitwaje?" linalikamata mara moja.

Au chukua mama wa mtaa wa Obunga anayetembea kwa magongo, mwenye mtoto wa miezi 9 anayehitaji chanjo ya surua-rubela. Chanjo hiyo huja ikiwa unga, huchanganywa na maji yake maalumu, na kichupa kimoja kwa kawaida kina dozi 10. Kikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6, kinachobaki hutupwa. Nesi anayehofia kuulizwa kuhusu dozi zilizoharibika hungoja watoto wafike idadi fulani, au hutenga siku moja ya wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini hofu ya hesabu ya mwisho wa mwezi ina nguvu yake. Basi mama anafika Jumatatu, anaambiwa arudi Alhamisi. Kwa jirani yake mwenye miguu miwili mizima hiyo ni kero. Kwake yeye ni kumtafuta tena mtu wa kumbebea mtoto, tuktuk badala ya bodaboda kwa sababu ya magongo, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Alhamisi hatarudi. Ukimkuta nyumbani na hojaji yako, atasema hakuwa na nafasi, na wala hatakuwa amekudanganya.

Kuna vizuizi vingine vinavyovaa koti la udaktari. Mtoto mwenye kifafa kilichodhibitiwa au mtindio wa ubongo hurudishwa nyumbani kwa maneno kwamba chanjo "itamzidishia". Hali ya ubongo iliyotulia si sababu ya kumnyima mtoto chanjo. Kinachozuia kweli ni vitu vichache, kama mzio mkali uliotokea baada ya dozi iliyotangulia, au, kwa chanjo yenye kinga ya kifaduro, ugonjwa wa ubongo ambao bado haujatulia. Vivyo hivyo na chanjo ya HPV, kirusi kinachoenezwa kwa ngono na kuleta saratani ya mlango wa kizazi, chanjo iliyoanza kutolewa kitaifa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Msichana mwenye ulemavu wa akili hurukwa na mlezi, mwalimu au hata mhudumu kwa dhana kwamba "huyu hataolewa". Dhana hiyo ni ya hatari maradufu, maana wasichana wenye ulemavu ndio walio rahisi zaidi kudhulumiwa kingono. Na kwa kuwa chanjo hii hupelekwa sana mashuleni, msichana ambaye hajawahi kuandikishwa shule hayumo hata kwenye hesabu ya waliokosa.

Sitaki ufikiri kwamba fikra na hofu hazina nafasi. Zina. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali ilikanusha, mzozo ukaenda hadi maabara, na katika vijiji vingi yaliyobaki ni ule uvumi tu. Sasa fikiria unavyomwingia mwanamke mwenye ulemavu ambaye tangu ujana ameambiwa na ndugu na wahudumu kwamba hafai kuzaa. Yeye hahitaji kuwa mjinga ili auamini. Ukiandika "imani potofu" kwenye tasnifu bila kuandika historia iliyoipa mizizi, umemuonea.

Sasa sampuli. Hiyo 384 naijua inakotoka: ni 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5 mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Imeingia kwenye tasnifu nyingi za Kenya mpaka imekuwa kama sala ya kufungulia mkutano. Hesabu si mbaya, ila ina masharti: idadi kubwa ya watu, na kila mmoja awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kundi dogo lililojificha halina sharti hata moja kati ya hayo. Na ukiwatafuta vituoni, unakutana na waliovuka vizuizi tayari. Ni kama kusimama stendi ya mabasi ukiwauliza walioshuka kwa nini wengine hawakusafiri.

Kwa watu wenye ulemavu, dawa ni kwenda nyumbani kwao, na kuacha kuuliza "wewe ni mlemavu?" Swali hilo hukusanya "hapana" nyingi kutoka kwa watu wasioona vizuri, wazee wasioweza kupanda ngazi, na yeyote anayejua neno hilo limetumiwaje kumdharau. Tumia maswali sita ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu: kuona hata kwa miwani, kusikia hata kwa kifaa cha kusaidia kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Kila moja lina majibu manne: sina ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Anayejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" kwa angalau swali moja ndiye unayemhesabu. Neno "ulemavu" lisitamkwe popote kabla wala katikati ya maswali hayo. Maswali haya mafupi hayakamati vizuri matatizo ya afya ya akili, na kwa watoto tumia yale ya UNICEF na Washington Group yaliyotengenezwa kwa miaka 2 hadi 17.

Tafsiri ya Kidholuo ndiyo inayoharibu maswali haya kuliko kitu kingine. Msaidizi mwenye haraka atauliza moja kwa moja kama nyumbani kuna "muofu" au "rang'ol", yaani kipofu au kiwete. Hapo kipimo cha ugumu kimekufa, na umerudi kwenye kumpa mtu jina. Tafsiri iandikwe, mtu mwingine ambaye hajayasoma maswali ya awali airudishe kwa Kiswahili, mlinganishe, kisha mjaribu kwa watu 8 au 10 mkiwauliza wameelewa nini. "Ugumu kiasi" na "ugumu mkubwa" ndipo wengi wanapochanganya, kwa hiyo tafuteni mifano ya kila siku inayotenganisha viwili hivyo.

Hesabu ya kazi yenyewe ni hii. Sensa ya 2019 ilitumia maswali ya aina hiyo na ikapata asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Wataalamu wengi huona hiyo ni ndogo kuliko hali halisi, ila kwa kupanga bajeti ni afadhali uanze na ndogo. Kitengo kimoja cha afya ya jamii hupangwa kuhudumia watu wapatao 5,000. Ukiondoa watoto wa chini ya miaka 5 unatarajia watu mia moja kasoro kidogo. Kaya moja ina wastani wa watu 3.9, kwa hiyo ni kaya 1,280 hivi. Wasaidizi wawili wakimaliza kaya 30 kila mmoja kwa siku, ni siku 22 za kazi. Inawezekana. Ila kwa kila mtu mwenye ulemavu utakayempata, hoji na jirani mmoja asiye na ulemavu, wa jinsia ile ile na umri wa karibu. Bila huyo wa kulinganisha, utashindwa kujua kama ulichopima ni kizuizi cha ulemavu au ni kizuizi cha kuishi mtaa wa mabanda kama Nyalenda.

Wahudumu wa afya ya jamii watakusaidia sana kwenye mitaa, lakini wasikuchagulie nyumba. Watakupeleka kwa wanaowajua. Anayefungiwa chumba cha nyuma wageni wakija hayumo kwenye orodha yao. Orodha ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ina kasoro kama hiyo: kujisajili kunahitaji kupimwa hospitali iliyoidhinishwa, na asiyeweza kufika kwenye chanjo aghalabu hakufika huko pia. Piga hodi kila kaya, na swali la kwanza liwe "nani analala hapa usiku?" kabla ya kuuliza afya ya yeyote.

Kwa transjenda na huntha, acha kabisa mpango wa kupita nyumba kwa nyumba. Na kwanza usiwaunganishe. Huntha amezaliwa na maumbile ya jinsia yasiyoangukia upande mmoja. Transjenda ni mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo haifanani na aliyoandikiwa alipozaliwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza ikapata 1,524 nchi nzima, idadi inayoeleza zaidi watu waliothubutu kusema kuliko watu waliopo. Vizuizi vyao pia si vimoja. Kwa transjenda tatizo mara nyingi ni karatasi na jina: wakati wa chanjo ya korona mwaka 2021, kujiandikisha kwenye mfumo wa mtandaoni wa serikali ulioitwa Chanjo kulihitaji nambari ya kitambulisho, na picha, jina na mtu aliyesimama mbele ya karani havikulingana. Kwa huntha, huenda kliniki yenyewe ndiyo tishio, kwa sababu amekua kila ziara ikimaanisha kuvuliwa nguo na kutazamwa. Kumwambia kwamba sindano ni ya mkononi tu hakumtoshi. Anahitaji kulijua hilo kabla hajatoka nyumbani.

Utasikia ushauri wa kutumia njia ya washiriki kuleta washiriki, ambapo unaanza na watu wachache kama mbegu, kila mmoja anapewa kuponi tatu za kuwapa wenzake, nao vilevile, na uzito wa kila jibu unakokotolewa kwa ukubwa wa mtandao wa mtu. Ni njia nzuri ikiwa na fedha, mtakwimu na ofisi salama. Lakini huhitaji sampuli takribani mara mbili ya ile ya kawaida, yaani ile 384 yako inakuwa 768, na kuponi ni karatasi inayoweza kuokotwa mfukoni na mwenye nyumba. Kwa shahada ya uzamili, kwa maoni yangu, usijaribu. Fanya mahojiano ya kina na watu 12 hadi 20, uliowafikia kupitia watu wa jamii hiyo wanaoaminika na wenzao. Hutaweza kusema ni asilimia ngapi wamechanjwa, na useme hivyo waziwazi kwenye tasnifu. Utaweza kusema vizuizi ni vipi, vinafanyaje kazi, na vinamkuta mtu kwenye hatua gani.

Kwa hiyo pendekezo langu ni utafiti wa pande mbili ambazo hazilazimishwi kufanana: upande wa ulemavu wenye takwimu na mahojiano machache, upande wa jinsia wenye mahojiano pekee. Ukiona ni kubwa mno, chagua upande mmoja. Tasnifu ya upande mmoja uliofanywa vizuri inafaa kuliko pande mbili zilizoparazwa, na hakuna atakayekulaumu. Watu wenye ulemavu ambao pia ni transjenda watajitokeza upande wowote utakaochagua. Waandalie nafasi, usiwawindie idadi.

Ndani ya mahojiano, badala ya "kwa nini", omba safari. "Nieleze siku ya mwisho uliyotoka nyumbani kwa ajili ya chanjo, yako au ya mtoto." Kisha fuata hatua: nani alikuambia na kwa lugha gani, ulitoka saa ngapi, ulipanda nini, ulilipa ngapi wewe na aliyekusindikiza, mlangoni palikuwaje, ulikaa wapi, uliitwaje, nesi alizungumza na wewe au na uliyeandamana naye, uliondoka na karatasi gani, uliambiwa urudi lini. Kwa ambaye hajawahi kutoka, uliza ni hatua gani alifika kichwani kabla ya kuacha. Utashangaa wengi wakitaja mlango au ngazi ambayo hawajaiona kwa miaka. Kadi ya chanjo au kijitabu cha mama na mtoto kikiwapo, nakili tarehe. Kumbukumbu pekee hupotosha, hasa kwa dozi za pili.

Mlezi asijibu kwa niaba ya mtu anayeweza kujibu mwenyewe, hata kama jibu litachukua robo saa. Ikibidi mlezi ajibu, andika kwamba ni sauti ya mlezi na uichambue kando, kwa sababu mlezi anaweza kuwa yeye ndiye kizuizi. Kwa ulemavu wa akili tumia sentensi fupi na picha, na umruhusu achague mtu wa kumsaidia kuelewa ridhaa. Ridhaa ya mzazi pekee kwa mtu mzima ni njia ya mkato.

Mahojiano na viziwi yanahitaji bajeti yake. Wakalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30, maana mikono na akili huchoka na makosa huanza bila mtu kujua. Kikundi kisizidi watu 6, wakae nusu duara wote waonane, kamera imtazame kila anayezungumza. Ukipata msaidizi wa utafiti aliye kiziwi, afadhali zaidi kuliko mkalimani hodari. Tatizo la Kisumu ni kwamba wakalimani ni wachache na kila kiziwi anawajua, huenda mmoja alimkalimania mahakamani au kwenye ugomvi wa ndoa. Taja jina la mkalimani mapema na umpe mshiriki nafasi ya kumkataa bila maelezo. Ukileta wa kutoka Nairobi au Nakuru unapata siri, lakini baadhi ya ishara za huku si za kule, na utapoteza maana hapa na pale. Hakuna chaguo lisilo na gharama. Muulize mshiriki.

Turudi kwa rafiki yako na hatari. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuharamisha ngono ya watu wa jinsia moja, bado vipo, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Vinahusu vitendo, si utambulisho, lakini mtaani hakuna anayesoma tofauti hiyo. Kanuni ya kwanza ni rahisi: usiulize kuhusu ngono. Utafiti wa chanjo hauhitaji. Usichokusanya hakiwezi kuvuja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka hali ya afya na jinsia ya mtu miongoni mwa data nyeti, kwa hiyo utalazimika kueleza unahifadhi nini, wapi, na utafuta lini.

Fomu ya ridhaa yenye sahihi mara nyingi ndiyo karatasi pekee yenye jina la mshiriki. Iombe kamati ya maadili ikuruhusu kuchukua ridhaa ya mdomo kwa upande wa jinsia, ishuhudiwe na kurekodiwa kwa nambari tu. Kamati zipo karibu nawe, Chuo Kikuu cha Maseno na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia. Baada ya kamati kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha tafiti, nayo inakutaka ujitambulishe kwa ofisi za kaunti kabla ya kuanza. Hapo kichwa cha utafiti kinasomwa na watu wengi, mpaka chifu. Kiwe cha kweli lakini kisiwe bango: "vizuizi vya kupata chanjo kwa watu wasiofikiwa na huduma, Kaunti ya Kisumu" kinatosha, huku kamati ikiwa na maelezo yote bila kufichwa chochote.

Vitu vidogo ndivyo huwasaliti watu. Simu ya kurekodia inayojihifadhi yenyewe kwenye intaneti. Video ya lugha ya ishara, ambayo haiwezi kufichwa sura bila kufuta maana, kwa hiyo iandikwe kwa maneno upesi kisha ifutwe. Jedwali linalosema kulikuwa na mshiriki mmoja, transjenda, asiyeona, wa miaka 30 hivi, mkazi wa Kondele: mtaa mzima umeshamjua. Kisanduku chenye watu chini ya 5 kiunganishwe na kingine. Na nauli: ukilipa kwa M-Pesa, jina lililosajiliwa linatokea kwako, na taarifa yako ya mwezi inakuwa orodha kamili ya washiriki. Lipa taslimu, weka stakabadhi kwa nambari ya mshiriki, na uandikiane mapema na ofisi ya fedha ya chuo chako, kwa sababu wahasibu hawapendi mshangao wa aina hii.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukusaidia. Ukiamua kwenda kwenye kuponi, kaa na mtakwimu ana kwa ana kabla ya kuandika pendekezo. Kabla ya kuanza upande wa jinsia, kutana na watu wa jamii hiyo wenyewe. Wakikuambia mwaka huu si salama, basi si salama, hata kama kamati imekupa barua. Mshiriki akikueleza kwamba anapigwa au anadhulumiwa, usimalize hojaji kwanza. Uwe na mahali ulipopazungumzia mapema pa kumpeleka, na nambari 1195 ya msaada wa ukatili wa kijinsia, ambayo haitozwi. Orodha ya washiriki ikipotea au ikionwa na mtu asiyestahili, iarifu kamati siku hiyo hiyo, si baada ya kujaribu kurekebisha kimyakimya.

Wiki hii, kabla ya kuandika lolote, omba ruhusa kwa msimamizi wa kituo kimoja chenye siku maalumu ya chanjo. Nenda saa moja na nusu asubuhi, ukae benchi ya nyuma. Usiandike jina wala sura ya mtu, hii bado si data. Hesabu ngazi za mlangoni, tazama kama tangazo lipo la maandishi au la mdomo tu, sikiliza kama nesi anaita jina au nambari, na uhesabu anaita mara ngapi kabla ya kumruka mtu.